Trela Lililotikisa Mkia

Orrin Skaar alikuwa hajalala nje ya kitanda chake kwa miaka thelathini na mmoja. Hakuwa mgonjwa, wala hakuwa na nadhiri. Alisema tu kwamba kitanda alicholalia mtu mwingine kimebaki na ndoto za mtu huyo, na yeye ndoto zake mwenyewe zinamtosha. Hotelini hakanyagi. Kwa mashemeji hakanyagi. Mara ya mwisho alipobanwa, kwenye harusi ya mpwa wake kule Dakota, alilala wima ameegemea pikapu kama farasi, na inasemekana farasi wawili wa jirani walikuja kusimama naye.

Sasa mkewe, Verlene, alikuwa na dada yake aitwaye Myrtis, anayeishi ufukweni Oregon, zaidi ya maili elfu moja kutoka kwao. Macho ya Myrtis yalikuwa yanazimika. Majira ya baridi yaliyopita alipiga simu, hakulia wala hakulalamika, akasema, "Njoo, mdogo wangu, nione umezeeka kiasi gani kabla taa hazijazimwa. Daktari ananipa mpaka Krismasi ijayo."

Verlene alikata simu akakaa jikoni akiangalia theluji. Kwenda peke yake hakutaka. Mume wa aina ile ukimwacha mwezi mzima, unarudi unakuta anakula maharage kwenye kopo juu ya sinki na amesahau kusema. Akawaza siku tatu. Siku ya nne jibu likaja lenyewe: kama Orrin haendi kitandani kwa watu, basi kitanda kitakwenda na Orrin. Atanunua trela la kulala.

Kununua ndiyo ilikuwa kazi. Katika wilaya yao ya kaskazini mwa Montana kulikuwa na muuzaji wa matrekta, muuzaji wa mafahali, na bwana mmoja aliyeuza majeneza pamoja na baiskeli. Muuzaji wa trela wa karibu kabisa alikuwa Billings, maili mia mbili kusini, kuvuka Mto Missouri. Verlene akaanza kununua kwa simu. Alizungumza na muuzaji mmoja aitwaye Kipp, bwana wa makamo mwenye sauti ya upole, mara nyingi hata akajua mama yake Kipp anaumwa goti gani. Ilipofika Oktoba, trela likapatikana: jeupe, futi ishirini na nne, kitanda kipana mbele, godoro jipya bado limo kwenye nailoni, halijaota ndoto ya mtu yeyote.

Orrin akakubali kwenda kuliona. Lakini akaweka sharti.

"Safari hii hatumwambii mtu," alisema. "Sitaki hata pini ya mtu. Unanisikia, mama?"

"Nakusikia."

Sharti hilo lilikuwa zito kuliko linavyosikika. Katika nchi ile, anayekwenda mjini huwapigia simu majirani kuuliza nani anataka nini, na huwezi kusema hapana, kwa sababu atakayekufikishia dawa Januari, barabara ikiwa imefunikwa, ni yuleyule uliyemkatalia Oktoba. Orrin mwenyewe aliwahi kwenda Billings kung'oa jino, akarudi na bata mzinga kumi na mmoja na beseni la kuogea, na jino akalisahau.

Verlene alimwambia mtu mmoja tu: Hedvig Brandvold, mjane wa jirani, nje ya kanisa, tena kwa kunong'ona. Kumwambia Hedvig kwa kunong'ona ni kama kumnong'oneza jogoo. Kufikia Jumatano simu ilikuwa imelia mara tatu, na kufikia Ijumaa, siku ya safari, maduka matatu ya Billings yalikuwa yameshaagizwa kupeleka mizigo kwenye uwanja wa trela, kwa jina la Bi. Skaar, na mzee asiambiwe.

Mizigo yenyewe ilikuwa hii. Matofali kumi ya chumvi ya ng'ombe, kila tofali ratili hamsini, ya jirani yao Lonnie Zentz. Magunia manne ya chakula cha kuku, ya mchungaji wa kanisa lao. Na jiko la kuni la chuma cha kusubu, la Hedvig, ambalo watu wawili walilibeba wakinyamaza na wakalitua wakisema maneno yasiyofaa kanisani.

Kipp alisimama kwenye mlango wa trela, ulioko upande wa nyuma, akijikuna masharubu. "Mama, mzigo mzito unakaa mbele, juu ya magurudumu au mbele yake kidogo. Ukikaa nyuma, trela linatikisa mkia."

"Mbele kuna kitanda, mwanangu. Na mzee wangu yuko ofisini anakula maandazi yenu. Akimaliza atakuja kukilalia tena. Ameshakilalia mara mbili."

"Namaanisha, mama. Likianza kutikisa mkia mteremkoni, linaibeba na pikapu. Na mzee asije akakanyaga breki ghafla, maana hapo ndipo linapojikunja."

"Weka nyuma. Nitahamisha njiani."

"Njiani wapi?"

"Maili mia mbili, Kipp. Hatukosi mahali."

Wakaweka nyuma kabisa, chini ya dirisha. Jiko likazuiwa kwa ubao uliobanwa kati yake na kabati, na juu ya kila kitu Verlene akatandaza mablanketi. Orrin alikuja akiwa na sukari kwenye ndevu, akapita moja kwa moja mbele, akavua viatu, akalala kitandani dakika tano macho wazi. Akainuka. "Halina mtu," alisema, akimaanisha godoro.

Kipp akataka kumweleza mambo ya kuvuta. Orrin akamwekea mkono begani. "Ndugu yangu, nimevuta ng'ombe hai miaka hamsini. Ng'ombe anahamahama ndani safari nzima. Kabati halihami."

Verlene alitazama pembeni.

Maili sitini kutoka Billings, lori la ng'ombe likawapita kwa kasi, na upepo wake ukalipiga trela ubavuni. Kwanza trela lilisogea kidogo kulia, kama mtu anayempisha mwingine. Kisha likarudi kushoto, zaidi. Kisha kulia tena, zaidi kuliko pale mwanzo, na safari hii likaivuta na pikapu, mpaka Verlene akahisi makalio ya gari yakihama chini yake. Orrin aliinua mguu taratibu kutoka kwenye mafuta, akashika usukani kwa mikono miwili, na baada ya muda ambao Verlene hakupumua, trela likatulia.

"Umeona?" alisema Orrin.

"Nimeona lori."

"Sikuuliza lori."

Wakaenda maili tano hivi.

"Yule muuzaji ametupa mpaka Jumatatu kulirudisha tusipolitaka," akasema Orrin, bila hasira, na hilo ndilo lililomtisha Verlene, kwa sababu Orrin akiamua kwa hasira hubadili mawazo, ila akiamua kwa utulivu habadili. "Likitikisa mkia mara nyingine kabla ya kufika langoni kwetu, Jumatatu linarudi. Na habari ya Oregon iishe, tusiizungumze tena. Sitakufa barabarani kwa ajili ya godoro."

Trela halikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa limefunikwa blanketi. Lakini Verlene alimjua mumewe: mtu asiyetaka safari, hata jiwe la njiani kwake ni sababu. Akimwambia, Orrin atasema, "Kumbe hata kabla hatujaondoka umeshanidanganya," na hapo atakuwa na haki, na mtu mwenye haki ambaye pia hataki kwenda popote huwezi kumtoa nyumbani hata kwa winchi. Myrtis angebaki akimsubiri huko ufukweni na taa zinapungua. Na asipomwambia, mbele yao kulikuwa na mteremko wa kushukia Mto Missouri: maili kadhaa za kona na korongo, vichaka vya misonobari upande mmoja na hewa tupu upande wa pili.

Ilibidi mzigo uhame kabla ya mto.

Maili arobaini kabla ya mteremko kuna njia panda yenye kituo cha mafuta, na mwenye kituo, Augie, alikuwa mtu anayeweza kuzungumzia bei ya ndama mpaka ndama mwenyewe azeeke. Orrin hakuwahi kunywa kahawa pale chini ya nusu saa.

"Nenda ukanywe," Verlene alimwambia walipoegesha. "Mimi nitajinyoosha kiti cha nyuma. Usiniamshe."

Orrin alipoingia dukani, Verlene akafanya alichokuwa amekipanga tangu maili ya themanini. Akavua koti lake jekundu, akalitandaza juu ya mto wa kulalia na begi la nguo kwenye kiti cha nyuma, akaivuta kofia ya koti mpaka likawa na umbo la mwanamke aliyechoka. Alirudi nyuma hatua moja akaliangalia. Hata yeye angeliacha lipumzike. Kisha akaingia ndani ya trela na kuvuta mlango.

Alihamisha tofali la kwanza la chumvi kwa kulikumbatia. Futi ishirini si mbali ukiwa na kikombe cha chai. Ukiwa na ratili hamsini na umri wa miaka sitini na tisa, ni safari ya kwenda Oregon na kurudi. Akaliweka sakafuni karibu na kitanda, akasimama akishika mgongo. Akaenda kuchukua la pili.

Alikuwa amelikumbatia la pili aliposikia mlango wa pikapu ukifungwa.

Augie hakuwepo. Hilo Verlene alikuja kulijua baadaye: alikuwa amekwenda kwa daktari wa meno, na dukani kulikuwa na mgeni asiyejua ndama wala fahali. Orrin alijimiminia kahawa, akatoka, akaliona koti jekundu limelala, akakumbuka ameambiwa asimwamshe mtu. Katika ndoa yao hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwake kufanya alichoambiwa bila kurudia kuuliza.

Injini ikaunguruma. Verlene akalitupa tofali, akakimbilia mlangoni, na ardhi ikawa tayari inapita.

Akaenda mbele, akapanda juu ya kitanda, akafika kwenye dirisha dogo la mbele. Kutoka pale aliiona vizuri nyuma ya pikapu, na ndani yake kofia ya Orrin, na bega la koti lake mwenyewe. Akapiga kioo kwa kiganja. Akapiga kwa kiatu. Kofia haikugeuka. Redio ilikuwa imewashwa, bila shaka, bei za mnadani, na upepo ulikuwa unavuma. Simu yake ilikuwa mfukoni mwa koti, yaani mikononi mwa yule mwanamke mwingine.

Kisha akaona kitu kilichomfanya aache kupiga. Mkono wa Orrin ulikuwa unainuka na kushuka, kidole kimenyooka. Alikuwa anazungumza. Alikuwa anamweleza koti jambo fulani, kwa utulivu, na koti lilikuwa linamsikiliza.

"Lo, mzee," alisema Verlene peke yake. "Umepata mke."

Alitaka kupiga tena, akili ikamrudia. Je, Orrin akigeuka? Je, akimwona mkewe dirishani mwa trela, nywele zimesimama, wakati mkewe huyohuyo amelala nyuma yake? Mtu yeyote angekanyaga breki. Na Kipp alisema nini kuhusu breki? Verlene akashuka kutoka dirishani taratibu kama mwizi. Ilibaki njia moja tu. Maili arobaini, matofali tisa, magunia manne na jiko.

Tambarare ilikuwa nzuri kwake mwanzoni. Alibeba tofali la pili, la tatu, la nne. Sakafu ilikuwa inacheza chini ya miguu yake, kwa hiyo hakutembea tena, alipiga magoti akasukuma. Zulia likagoma. Akatazama huku na huku, akaona nailoni ya godoro. Orrin alikuwa ameipapasa ile nailoni kama mtu anayepapasa shavu la mjukuu. Verlene akaichana kutoka kichwani mpaka miguuni, akaitandika sakafuni, na matofali yakaanza kuteleza kama samaki.

La tano. La sita. Upepo wa kutoka magharibi ukapiga na trela likaanza: kulia kidogo, kushoto zaidi. Verlene alirushwa kwenye kabati, akashika mlango wa jokofu, jokofu likafunguka na kumkaribisha. Akasubiri, bega limebanwa kwenye rafu. Kulia. Kushoto. Likatulia. Kupitia dirishani aliona kofia ya Orrin imenyooka kabisa na mkono wake hauzungumzi tena.

"Hiyo ni mara ya pili," akawaza. "Imeshahesabiwa." Lakini hakuacha, kwa sababu sasa haikuwa tena habari ya Jumatatu. Kabla ya Jumatatu kulikuwa na mto.

La saba mpaka la kumi aliyapandisha kitandani, juu ya godoro jipya, kwa sababu sakafu ya mbele ilikuwa imejaa. Gunia la kwanza la chakula cha kuku lilipasuka na kumwaga unga mwekundu, akalivuta hivyohivyo. Aliposhika la nne, sakafu ilikuwa imeinama. Misonobari ikaanza kupita dirishani upande wa kulia. Upande wa kushoto hapakupita kitu.

Walikuwa mteremkoni.

Pikapu ilipokata kona ya kwanza, trela lilichelewa, kisha likaja kwa pupa. Kulia, kushoto, na safari hii halikuwa linampisha mtu, lilikuwa linampiga mtu kwa mkia. Vikombe vyote ambavyo havikuwepo vingekuwa vimevunjika. Verlene alikuwa kifudifudi sakafuni na gunia la nne chini ya kidevu, akisikia matairi ya nyuma yakilia kwa sauti ya mbwa aliyekanyagwa. Akasukuma gunia kwa kichwa. Likafika. Trela likayumba tena, kidogo pungufu, au labda alitamani tu liwe limepungua.

Likabaki jiko.

Jiko lilikuwa pale nyuma kabisa, ratili mia tatu, limesimama kwa miguu yake minne ya simba limezuiwa na ubao. Verlene alitambaa mpaka pale. Akalisukuma kwa mikono, halikumjua. Akakaa, akaegemeza mgongo dirishani, akalisukuma kwa miguu miwili, likamtazama tu kwa mlango wake wa chuma. Trela likayumba kushoto, na kupitia dirishani aliona ukingo wa barabara na chini yake mto, kahawia, mbali sana, ukiwa na upana wa utepe.

Hapo ndipo alipoelewa kwamba kosa lilikuwa kusukuma. Mteremko ulikuwa unalitaka lile jiko tangu zamani. Kilichokuwa kinalizuia ni ubao.

Akavuta nailoni, akaingiza ukingo wake chini ya miguu ya mbele ya jiko wakati trela lilipoinama na jiko likainua kisigino. Ubao ulikuwa umebanwa. Akaupiga teke. Akaupiga tena, akamtaja Hedvig kwa jina lake kamili, akaupiga mara ya tatu, nao ukaruka.

Jiko halikwenda. Lilifikiri kwanza. Kisha Orrin, huko mbele, akifika kona ya pili, akagusa breki kwa upole wa mtu anayeshika yai, na jiko likaondoka.

Watu wa kule bado wanabishana lilikwenda kwa kasi gani. Hedvig anasema haiwezekani, jiko lake ni jiko la heshima. Lakini Verlene alilishuhudia likipita sebule, likipita jokofu, milango yake ikipiga makofi, vumbi la kiwandani likitoka kwenye bomba, na kuligonga sanduku la kitanda kwa kishindo kilichomtoa vumbi kwenye masikio. Droo mbili zikavunjika. Na trela lote likainamisha pua, kama ng'ombe anayekubali kamba, na mkia ukaacha kutikisika.

Uliacha kabisa. Kona ya tatu walipita kama maji mferejini.

Verlene alikaa sakafuni kwenye sehemu ya nyuma ya trela, iliyobaki tupu, miguu imenyooka mbele yake. Alitaka kulia lakini mdomo ulikuwa umejaa unga wa kuku. Akatambaa mpaka mbele, akaketi juu ya tofali la chumvi kitandani, uzito wake nao ukasaidie.

Walivuka daraja. Orrin akaegesha mahali pana ng'ambo ya mto. Verlene alisikia mlango wa pikapu, nyayo kwenye kokoto, nyayo zikisimama kwenye kiungo cha kuvutia trela, zikizunguka matairi, zikija. Mlango ukafunguliwa.

Orrin alimwangalia mkewe: mwekundu wa unga kuanzia nywele mpaka viatu, ameketi juu ya chumvi, jiko la kuni mbele ya magoti yake kama anaota moto. Akageuka akaiangalia pikapu. Akamwangalia tena.

"Wewe uko wapi?" akasema.

"Niko hapa."

"Na kule kuna nani?"

"Koti."

Orrin alivua kofia, akaivaa. "Nimekuwa nikizungumza nalo tangu njia panda."

"Umeliambia nini?"

"Nimeliambia trela linarudi Jumatatu. Halikubisha." Akapanda ngazi, akaingia, akasimama akishika fremu ya mlango. "Ilinipasa nijue hapohapo kwamba si wewe."

Kisha akaketi kwenye ngazi ya mlango, mgongo umemwelekea, akitazama mto. Lori moja lilipita darajani, na jingine.

"Verlene. Ungekufa humu na mimi nikafika nyumbani nikaanza kuliamsha koti."

"Trela halina kosa," alisema Verlene. Aliamua kulisema lote kabla moyo haujapoa. "Mimi ndiye niliyeweka mzigo nyuma. Kipp alinionya, nikamwambia nitahamisha. Ulikataza nikakubali, halafu nikamwambia Hedvig. Trela ni zima. Kosa ni langu, usiliadhibu trela."

"Chumvi ya nani?"

"Ya Lonnie."

"Unga?"

"Wa mchungaji."

"Na yetu sisi ni ipi?"

"Hatuna. Yetu sisi ni trela."

Orrin alikohoa, au alicheka, kwa mgongo mtu hajui. "Kwenye sanduku la pikapu," akasema baada ya kitambo, "kuna pampu ya maji ya Clete Dufek."

Verlene alipangusa mdomo. "Ulisema hata pini."

"Pampu si pini. Halafu aliniomba vizuri."

"Na mimi niliombwa vibaya?"

Orrin aliinuka, akachukua ukanda wa kufungia mizigo kutoka kwenye pikapu, akaingia ndani, akafunga jiko kwenye sanduku la kitanda, akayapanga matofali upya sakafuni, moja moja, bila kumruhusu Verlene aguse hata moja. Aliliangalia godoro: lilikuwa na alama za chumvi, unga, na kiatu. Akalipiga vumbi mara mbili kwa kiganja, akaacha.

"Nilisema neno," alisema akiwa mlangoni. "Likitikisa mkia tena. Nalo limetikisa."

"Mzigo ndio uliotikisa."

"Hilo tutaliona juu."

Verlene alipanda kiti cha mbele. Koti alilivaa, lilikuwa bado na joto la hita. Upande wa kaskazini barabara inapanda tena, ndefu, na ukifika juu hakuna mti, hakuna kilima, kuna nyasi na upepo tu maili hamsini mpaka kwao. Upepo wa pale alasiri huangusha ndama. Orrin hakuendesha polepole. Alipofika tambarare alikanyaga mpaka sitini, akashika usukani kwa vidole vinne, na Verlene akajua anafanya kusudi. Alikuwa analijaribu trela kama anavyomjaribu fahali mpya: kwa kumpa mgongo.

Upepo ulipiga. Verlene alitazama kwenye kioo cha pembeni. Trela lilikuwa pale, jeupe, limenyooka nyuma yao. Upepo ukapiga tena, nyasi zote zikalala. Lori la ng'ombe likatokea mbele, likaja, likapita na kishindo chake, na pikapu ikatingishika. Verlene hakuangalia barabara, wala mume, aliangalia kioo tu, na midomo yake ilikuwa inahesabu kitu ambacho hata yeye hakukijua. Ubavu mweupe ulisogea upana wa kidole. Ukarudi. Ukakaa.

Orrin naye alikuwa anatazama kioo cha upande wake. Maili ya kumi ikapita, na ya ishirini, na ya arobaini. Jua lilikuwa bado juu ya nyasi walipokata kona ya barabara yao ya changarawe, na nguzo za lango zikaonekana. Akasimamisha gari mbele ya lango. Akaacha injini inaunguruma, mikono juu ya usukani.

"Jumatatu," alisema.

Verlene akamwona Myrtis amekaa dirishani, ameelekeza uso kwenye mwanga. Hakugeuka. "Jumatatu nini?"

"Jumatatu daktari wa ng'ombe anakuja kupima mitamba. Nilishamwita, siwezi kumrudisha." Orrin alijikuna ndevu, bado zina sukari. "Kwa hiyo kabla ya Jumanne hatuwezi kuondoka. Mpigie dada yako asiseme tumechelewa. Na mwambie mimi nitalala nje, uani kwake, asinitandikie kitu."

Verlene akashuka kufungua lango. Upepo ulikuwa unamsukuma, akausukuma na yeye, akalifungua lile lango mpaka mwisho kabisa, mpaka likagusa uzio, kwa sababu trela ni pana.